Tulivyoifungua Pete ya Kamera Yako

Voi, alasiri ya kuamkia safari yako

Kwa Mghanga wangu, ambaye kesho gari moshi litamchukua,

Nakuandikia juu ya meza ya Zakaria, ile anayokatia karatasi za picha. Mlango uko wazi, jua limeingia mpaka miguuni pangu, na vidole vyangu vinanuka pombe ya miwa. Usishtuke, mama yako hajaanza kunywa. Soma polepole utaelewa harufu hii imetoka wapi, na utaelewa pia jinsi kamera yako ilivyokaribia kukunyima safari wewe ukiwa huko Mraru unawaaga ndugu za baba yako.

Mambo ya kula, ya kufua shati, ya kutochomoza kichwa dirishani gari likikimbia, hayo nimekwisha kuyasema hadi siku hizi unayajibu kabla sijayafungulia mdomo. Nayaruka. Barua hii nimeiweka katikati ya mashati yako ili uikute ukiwa njiani, mahali ambapo huwezi kurudi kunicheka.

Acha nianze na furaha, maana nikiizuia sitaweza kuandika lolote jingine. Mwanangu, nimeolewa. Najua unajua, ulikuwepo kanisani, umekaa mbele kabisa, kola imekukaba. Lakini mimi kila asubuhi naamka kama mtu aliyeletewa habari hiyo sasa hivi. Namsikia Zakaria akipiga mluzi huko nyuma, akichota maji ya kuoshea vioo vyake vya picha, nami nabaki kitandani kidogo nimsikilize tu. Mwanamke mzima, niliyesoma misheni kule pwani mpaka madarasa ya juu, niliyewafundisha watoto wa watu kusoma na kuhesabu, leo naunguza ugali kwa sababu mume wangu amepita karibu na jiko na kuniuliza habari za asubuhi. Bi Rukia, jirani yetu, anasema akina mama wote wa hapa karibu na stesheni wanafuata habari za ndoa yetu kwa pua.

Unamwita "Bwana Zakaria." Naona unavyosita kabla ya kulitamka, kama mtu anayejaribu daraja kwa mguu mmoja. Mwite hivyo hivyo. Yeye hana neno, na mimi sina neno. Baba ulikuwa naye, alikwenda kuwabebea askari mizigo upande wa Taveta wakati wa vita na hakurudi, na hakuna anayetaka kukaa kwenye nafasi yake. Zakaria ana nafasi yake mwenyewe. Nataka ujue alivyoipata, kwa kuwa wewe ndiye uliyeanzisha, ingawa hujui.

Unakumbuka ulipoanza kupotea jioni? Nilikuwa nakutuma chumvi, unarudi giza limeingia, na chumvi umesahau. Nikasikia kwamba unashinda kwa yule mtu wa Mahoo, huko Taveta, aliyekuja Voi baada ya vita na kamera kubwa ya mbao, aliyoachiwa na Mzungu mpima ardhi ambaye yeye alikuwa akimbebea vyombo. Nikaenda kukutoa huko nikiwa nimekasirika. Nilikuwa nimepanga maneno yote njiani. Nilipoingia, wewe hukuwepo, ulikuwa umetoka na ndoo kisimani, na mimi nikajikuta nimesimama mbele ya picha ya mlima wetu wa Sagalla.

Picha za mbingu nilikuwa nimeziona kwa wamisheni. Zote zilikuwa na anga jeupe kama karatasi isiyoandikwa, kana kwamba Mungu alisahau kumalizia. Lakini katika picha hii mawingu yalikuwa yamejaa, mazito, yamejipanga juu ya mlima. Nikasahau nilikuwa nimekuja kugomba. Nikamwuliza, "Haya mawingu umeyachora?"

Akacheka, akanionyesha pete ya shaba iliyobeba kioo cha manjano. Akasema ukiizungusha pete hiyo mpaka ishike mbele ya lenzi, rangi ya buluu ya mbingu inatiwa kivuli na mawingu yanapata nafasi ya kuonekana. Akaifungua, akanipa mkononi. Nikaiweka jichoni, nikatoka mlangoni, nikautazama mlima wa kwetu. Mghanga, unajua Sagalla ilivyo na kiu ya maji. Katika kile kioo ulionekana kama umetoka kunyeshewa. Nikamwambia, "Nipe mvua hii niipeleke nyumbani."

Akajibu, taratibu kabisa, "Mvua siwezi, Mama Mghanga. Mawingu nitakuletea."

Na aliyaleta. Alipanda na ule mzigo wote wa mbao na miguu mitatu, akakaa juu huko mpaka akayapata, akaniletea picha imefungwa kwa karatasi ya chai. Wewe uliiona ukutani ukadhani nimeinunua. Sasa unajua. Kwa hiyo ukishika huko Nairobi kile kioo cha manjano alichokupa pamoja na kamera, kishike ukijua kwamba mama yako alipendwa kupitia hapo.

Nimekueleza hayo ili uelewe nilivyojisikia leo asubuhi.

Sasa tuje kwa nyanya yako wa Mraru, mama wa baba yako. Hakuja harusini, na hakutuma neno. Nilinyamaza, lakini iliniuma, kwa kuwa ninampenda mwanamke yule na ulimi wake wote. Kwa hiyo juzi alipotokea mlangoni na kibuyu cha pombe ya miwa kwapani, moyo wangu uliruka. Nilijua mara moja amekuja kutasa. Wamisheni hawapendi, na mwinjilisti wetu akisikia nitakalishwa kiti cha nyuma, lakini mimi ni mtu wa hapa kabla sijawa mtu wa shule. Mzee aliye na uchungu hutia funda mdomoni, haimezi, huinyunyiza na kuutaja uchungu wake utoke pamoja nayo, halafu yule aliyemkasirikia huenda zake na baraka. Nani angekataa hilo siku tatu kabla mwanawe hajasafiri?

Ulikuwepo alipoanza. Alikusimamisha wewe na Zakaria bega kwa bega kama wanafunzi waliochelewa. Alisema, kwa Kidawida, "Mwanangu alikufa na mke wake ameolewa na mtu wa Taveta, nimekasirika, basi, natema." Akawanyunyizia. Akasema tena, "Mjukuu wangu anakwenda kwa watu nisiowajua, nimeogopa, basi, natema." Akakunyunyizia wewe peke yako, na funda lile halikuwa dogo. Mkatoka nje wote wawili kunawa uso mkicheka. Nilifurahi sana kuwaona mmeinamia ndoo moja.

Hapo ndipo pale usipopajua. Mlipotoka, nyanya yako akanigeukia. "Na hicho kisanduku kinachomchukua mjukuu wangu kiko wapi?"

"Kiko ndani, mama."

"Kilete. Nacho nimekikasirikia."

Mwenye akili angesema kamera haitaswi. Mwenye akili angemlaza na maneno matamu mpaka Zakaria arudi. Lakini mimi nilikuwa nimelewa furaha. Nilitaka kila kitu kibarikiwe siku ile, hata paa, hata sufuria. Nikaitoa kamera, nikaiweka mezani ikimtazama kwa lenzi yake, kioo cha manjano kimefungwa mbele kwa sababu Zakaria alikuwa ameitumia kupiga picha ya milima asubuhi. Nyanya yako akaiinamia. Akaiambia, "Wewe, ukimwonyesha mjukuu wangu watu wabaya, uwe kipofu. Ukimwonyesha mke, awe mwenye kucheka." Akaijaza funda usoni.

Nikashika leso yangu nikafuta mbio mbio. Kioo kikang'aa. Kwenye ukingo wa pete niliona kimajimaji kimeingia kwenye ufa mwembamba kati ya pete na lenzi, na hapo nikafanya busara yangu. Nikajiambia, safari ni ndefu, gari linatikisika, pete hii isije ikalegea ikaanguka. Nikaikaza. Nilitumia nguvu zote za mwanamke aliyetwanga mahindi tangu utoto. Nikairudisha kamera kwenye kisanduku chake, nikawapakulia chakula, na jana asubuhi ukaondoka na nyanya yako kumsindikiza Mraru.

Leo asubuhi Zakaria akafungua kisanduku ili akupangie vitu vyako. Nilikuwa nimeinjika mchele, naosha vyombo. Nikamsikia ameacha kupiga mluzi.

"Eliza," akaita. "Hii pete nani ameifunga hivi?"

Nikaja nikiwa na maji mikononi. Alikuwa ameshika lenzi mkono mmoja na pete kwa vidole viwili, dole gumba na cha shahada, amebana mpaka kucha zimekuwa nyeupe. Haikusogea hata kwa unywele. Akajifuta mkono akabana tena. Uso wake ukaanza kubadilika, na mimi nikaelewa kabla hajasema.

Unajua mwenyewe masharti. Yule mpiga picha wa Nairobi alisema atakupokea ukija na kamera yako iliyo nzima, kwa kuwa zake zina watu, na asiye na kamera asijisumbue kushuka kwenye gari. Na kazi yake yote ni ya ndani ya nyumba, watu wamekaa, watoto wamevishwa viatu vipya. Kioo cha manjano kinakula mwanga. Ndani ya nyumba mtu angelazimika kukaa bila kupepesa mpaka apate usingizi, na mtoto angetoka hana uso. Kamera yenye pete iliyokwama ni kamera ya mawingu tu, na hakuna wingu litakalokulipia chumba. Pete isingetoka leo, kesho ungekuwa huna pa kwenda. Na pete ikitolewa vibaya, lenzi ikwaruzwe au kioo kipasuke, ungekuwa huna pa kwenda milele.

Zakaria akaenda kuleta koleo.

Nilimzuia mlangoni. "Ukiigusa hiyo shaba na koleo, mimi napanda Sagalla leo leo."

"Kwa miguu?"

"Kwa miguu. Na sufuria nabeba."

Akaliweka koleo chini akinitazama, na nikaona anataka kucheka lakini hawezi kwa wasiwasi. Wakati huo Bi Rukia akabisha hodi. Alikuwa amekuja kurudisha ungo. Unamjua alivyo, mtu wa pwani, neno lake halikosi pambo.

"Bibi harusi," akasema, "tangu asubuhi nasikia ukutani, shika hapa, usibane, polepole, basi nikamwambia mume wangu leo ungo tusiurudishe. Kumbe mnapigana na kifuniko?"

"Ingia, Bi Rukia, usitie maneno," nikamwambia.

Akainama akaitazama. "Tieni mafuta ya nazi. Hakuna kisichofunguka kwa mafuta ya nazi."

Zakaria akakataa kwa heshima. Alisema mafuta yanatambaa. Leo yako kwenye pete, kesho yamefika katikati ya vioo, na hapo hakuna wa kuyatoa. Akasema labda ni kutu. Akasema labda shaba imevimba kwa joto. Akaigonga kidogo kwa kijiti cha mbao pembeni, akasikiliza kama daktari. Mimi nimesimama pale, mchele unalia jikoni, na najua kabisa ni nini kilichoganda mle ndani, na ulimi haunyanyuki. Mghanga, nina majuma machache tu katika ndoa hii. Nilikuwa sitaki kuonekana mjinga machoni pa mtu huyu, ambaye machoni pake mpaka leo mimi ni msomi.

Kisha nikamwona anaangalia koleo tena.

"Si kutu," nikasema. "Ni pombe."

Akageuka. "Pombe gani?"

"Ya miwa. Ya mama."

"Kwenye lenzi?"

"Kwenye pete. Lenzi niliifuta."

"Uliifuta na nini?"

"Leso."

Akakaa chini. Bi Rukia akajifunika mdomo kwa ukaya wake wa kichwani na mabega yakaanza kucheza. Nikamaliza yote, nikamwambia na habari ya kukaza. Nilidhani atanyamaza kile kimya cha wanaume ambacho mwanamke hula nacho chakula cha jioni. Badala yake akauliza swali moja tu. "Mama alisema nini alipokuwa akiinyunyizia?"

Nikamwambia, mpaka ile sehemu ya mke mwenye kucheka. Akacheka mpaka akatoa machozi, Mghanga. Akasema, "Basi imetaswa vizuri, imeshika." Na alipomaliza kucheka uso wake ulikuwa umetulia, kwa sababu sasa alijua anachopigana nacho. Kutu ingekuwa jambo jingine. Sukari iliyokauka inafunguka kama ilivyofunga, kwa maji, ukiwa na subira.

Hilo nataka ulibebe, na sitalirudia. Ukimwaga kitu, mwambie anayefungua umemwaga nini. Mimi karibu nimwachie mume wangu koleo kwa sababu ya kuona haya.

Sasa nisikilize vizuri, kwa kuwa siku moja na wewe itakukwamia, na huenda nisiwe jirani. Kwanza Zakaria aliifungua lenzi nzima kutoka kwenye kamera, ili mbao na ile ngozi iliyokunjamana visipate maji. Akaishika ikitazama chini, pete ikiwa chini kabisa, ili kama tone litatoka lidondokee mezani na lisipande ndani kwenye vioo. Mimi nikachovya kitambaa laini kwenye maji ya vuguvugu, yale ambayo ungemwogesha mtoto, nikakikamua mpaka kikawa na unyevu tu, nikakizungushia ukingo wa pete. Kioo chenyewe hatukukigusa. Kikipoa nakichovya tena, nakikamua tena. Tulifanya hivyo mpaka mchele ukaungua na hakuna aliyeinuka. Bi Rukia alikwenda kwao akarudi na kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, kutoka kwenye vyombo vya mumewe vya kutengenezea, akasema, "Chukueni, hiki hakitelezi, wala hakitaiachia shaba yenu kidonda."

Tukafuta ukingo ukakauka. Tukauvisha pete ule mpira. Zakaria akanionyesha kosa alilokuwa akilifanya mwenyewe tangu asubuhi. Pete ni nyembamba. Ukiibana kwa vidole viwili inakuwa yai kidogo, jicho haliwezi kuona, na yai halizunguki ndani ya duara. Kadiri unavyobana ndivyo inavyong'ang'ania. Inatakiwa kuishika pande zote kwa usawa, kiganja kizima, bila kuminya, halafu unazungusha. Akasema mikono yake imezoea kubana, nizungushe mimi, yeye ashike shina la lenzi.

Basi tukashika. Yeye akishikilia, mimi nikizungusha, vichwa vyetu vimegusana. Kama ungetuona ungetoka nje. Na ikazunguka. Nilisikia kabisa, ikazunguka laini mkononi mwangu kama mfuniko wa asali. Nikapiga kelele, Bi Rukia akapiga kigelegele, nikataka kumkumbatia mume wangu mbele ya watu.

"Simama," akasema Zakaria. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Usiguse tena. Si pete."

Kilichokuwa kinazunguka kilikuwa kioo cha mbele cha lenzi yenyewe, na fremu yake, na pete imekwama juu yake, imekipanda kama farasi. Vyote viwili vimefungwa kwa meno ya kuzungusha ya namna moja, na kile kisichokuwa na sukari ndicho kilichokubali kwanza. Ningeendelea kushangilia, kioo kingeangukia meza. Kigelegele cha Bi Rukia kilikufa katikati. Zakaria akakirudisha polepole, akakikaza kidogo, akatafuta mahali pa kushika karibu zaidi na pete, kwenye ile fremu yenyewe, pembamba kuliko ukucha. Angalia hapo, mwanangu, kila unapofungua kitu. Tazama kama kinachozunguka ndicho ulichokusudia.

Tukarudia kitambaa. Tukarudia mpira. Safari hii akaniambia, "Kwanza kaza."

"Nikaze tena?"

"Kidogo tu, kama pumzi. Sukari ipasuke. Halafu rudisha."

Nikakaza, kidogo sana. Nikahisi kitu kimevunjika ndani, kidogo, kama chembe ya mchanga chini ya jino. Nikaanza kurudisha, na pete ikanijibu. Ilisogea kweli, na safari hii Zakaria alitikisa kichwa kwamba ndiyo.

Na mkono wangu ukasimama.

Sikupanga kukuandikia hili, lakini kalamu imefika. Nilikuwa nimesali tangu asubuhi itoke, na ilipokubali nikakumbuka kwamba ikitoka, unaondoka. Zakaria hakuniharakisha. Nilisimama na kiganja changu juu ya pete nikaona nilivyokushika wewe tangu baba yako afe, kwa vidole viwili, nimebana, nikidhani ndio kukulinda. Nilikukataza mto, nikakukataza stesheni, nikakufuata hata kwa mpiga picha. Na wewe ulizidi kukaza upande wako. Tangu nipendwe tena mkono wangu umekuwa mwepesi, sijui kwa nini mambo haya mawili yanakwenda pamoja, lakini yanakwenda. Ninakushika sasa kwa kiganja kizima. Ni tofauti, na utaihisi huko uliko.

Nikazungusha. Ikatoka, mzunguko mmoja baada ya mwingine, na harufu ya miwa ikapanda kama tumefungua kibuyu cha nyanya yako. Meno yake yalikuwa yamejaa sukari rangi ya asali. Tukayasafisha kwa kijiti cha mswaki kilichotafunwa laini na kitambaa chenye unyevu, pete mbali, lenzi mbali, tukaacha vikauke kivulini. Bi Rukia akabeba ungo wangu tena, ule aliokuja kuurudisha, akatoka akisema anakwenda kumwambia mumewe kwamba wasomi wamefungua kifuniko.

Pete nimeiviringisha katika kitambaa chake peke yake, iko kwenye kona ya kisanduku. Sikuirudisha kwenye lenzi. Utaifunga mwenyewe siku utakapotaka mawingu, na ukiifunga, iguse tu mpaka ishike, halafu acha. Haihitaji nguvu zangu.

Nilikuwa nafunga barua hapo, lakini Zakaria ameniita, na sasa nimerudi. Alikuwa ameirudisha lenzi kwenye kamera. Ameikagua juani kila upande na kusema haoni mkwaruzo, lakini mpiga picha haamini jicho lake mpaka apige. Amenikalisha mbele ya lile pazia alilochora milima, ndani, bila kioo cha manjano, akatia kioo kimoja kipya cha picha kwenye kamera yako. "Tulia, Eliza," akasema, "usipumue mpaka niseme." Nikatulia. Mkono mmoja nimeuweka juu ya goti kama mke wa mkuu wa stesheni. Kisha, pale pale alipokuwa akihesabu, akanong'ona, "Awe mwenye kucheka."

Kioo hicho hakijaoshwa. Kimefungwa kwenye karatasi nyeusi, chini ya barua hii, na usikifungue penye mwanga. Kazi yako ya kwanza Nairobi iwe kukiosha, mbele ya huyo bwana wako mpya akitaka. Ukiona milima ya pazia imetoka safi, kila mstari mahali pake, na uso wa mwanamke aliyekaa mbele yake umetikisika, usiogope. Lenzi yako ni nzima. Ni mama yako tu, alikuwa anacheka.

Nakukabidhi kwa Mungu na kwa akili zako,

Mama yako,
Eliza